Kijana Aliyepakua Maktaba: Aaron Swartz na Swali la Idhini

Mnamo Oktoba 16, 1986, Rais Ronald Reagan wa Marekani alitia sahihi sheria ya kukomesha ulaghai na matumizi mabaya ya kompyuta. Siku 23 baadaye, Novemba 8, katika mji wa Highland Park ulio kaskazini mwa Chicago, alizaliwa mtoto wa kiume aliyeitwa Aaron Swartz. Sheria na mtoto wakakua sambamba bila kujuana, hata wakaja kukutana katika mahakama ya Boston mwaka 2011. Mtoto hakuishi kuiona hukumu. Sheria ingali hai, na nduguze wameenea duniani, mmoja wao akiwa hapa Kenya.

Wengi wa wanafunzi ninaowafundisha leo walikuwa bado wanajifunza kuandika majina yao Swartz alipofariki Januari 2013, na nikilitaja jina lake darasani ni wachache wanaolitambua. Ilhali kila siku wanatumia vitu alivyoshiriki kuviunda. Ninayaandika maisha yake nikiwa mtu wa lugha, si mwanasheria wala fundi wa mitambo, kwa sababu nimeshawishika kwamba kesi iliyomzonga ilikuwa, katika kiini chake, kesi ya maana ya neno. Neno lenyewe ni idhini.

Kiswahili hakina uhaba wa msamiati katika uwanja huu: idhini, ruhusa, kibali, ridhaa. Yote tumeyapokea kutoka Kiarabu, na kila moja limekuja na kivuli chake. Ruhusa ina dhana ya kulegezewa, ya kuondolewa uzito. Idhini ina mzizi mmoja na neno la Kiarabu lenye maana ya sikio, na mzizi huo huo ndio uliotupa adhana na mwadhini. Kwa asili yake, basi, idhini ni jambo la kusikika: mwenye nyumba hutamka, mgeni husikia. Ndiyo desturi yetu ya hodi. Mlango ukiwa wazi, mgeni mwenye adabu bado hubisha hodi na kungoja karibu. Na aliyekaribishwa sebuleni hajakaribishwa chumbani. Kompyuta haijui kusema karibu. Hufungua au hukataa, basi. Hapo ndipo taabu ya wanasheria inapoanzia.

Baba yake Swartz, Robert, alikuwa na kampuni ya kuunda programu za kompyuta, kwa hivyo mashine hizo zilikuwamo nyumbani tangu mwanzo. Aaron, kifungua mimba katika wavulana watatu, alizizoea kama watoto wa pwani wanavyoyazoea maji. Alipokuwa na umri wa miaka 13 alishinda tuzo ya vijana waliounda kurasa za intaneti zenye manufaa kwa umma; yeye alikuwa ameunda kamusi elezo ambayo msomaji yeyote angeweza kuiongezea habari, na hayo yalikuwa kabla Wikipedia haijazaliwa. Akiwa na miaka 14 akawa miongoni mwa watunzi wa RSS 1.0, utaratibu unaoziwezesha kurasa za intaneti kumpelekea msomaji vichwa vya habari mpya pasipo yeye kuzizuru moja baada ya nyingine. Wenzake katika kazi hiyo walikuwa watu wazima waliowasiliana naye kwa maandishi tu, na inasimuliwa kwamba hawakujua wanashauriana na mtoto wa shule hadi walipomwalika mkutanoni.

Muda si mrefu akaanza kushirikiana na Lawrence Lessig, profesa wa sheria, katika kuunda Creative Commons, iliyozinduliwa mwishoni mwa mwaka 2002. Naomba msomaji atue kidogo hapa, maana jambo hili linahusu mada yetu moja kwa moja. Sheria ya hakimiliki husema kwamba kila kitu kimekatazwa isipokuwa mwenyewe aruhusu. Creative Commons iliwapa watunzi njia ya kuitoa idhini mapema, kwa maandishi, hata kabla ya kuombwa: chukua kazi yangu, inakili, igawe, almuradi unitaje. Kazi ya Swartz ilikuwa kuyafanya maandishi hayo yasomeke na mashine pia. Kwa maneno mengine, akiwa na umri wa mwanafunzi wa kidato cha tatu, alikuwa akijaribu kuifundisha kompyuta kusema karibu. Sijui mwanaisimu ambaye asingelitamani jaribio hilo.

Yaliyofuata nitayapita upesi. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2004, akakihama baada ya mwaka mmoja. Kampuni yake changa iliunganishwa na Reddit, na Reddit ikanunuliwa na Condé Nast, wachapishaji wa magazeti, mnamo Oktoba 2006, siku chache kabla hajatimiza miaka 20. Fedha alizipata, lakini maisha ya ofisini hayakumkaa, na mapema 2007 akaachishwa kazi. Tangu hapo alijitia katika shughuli za umma, hususan maktaba huria na upatikanaji wa maandishi yaliyolipiwa na kodi za wananchi.

Shughuli hizo ndizo zilizomkutanisha na polisi kwa mara ya kwanza. Mahakama za serikali kuu ya Marekani huweka majalada yake katika mtambo uitwao PACER, na wakati huo kila ukurasa ulilipishwa senti 8 za dola. Kufikia mwaka 2008 maktaba 17 zilikuwa zimefunguliwa mtambo huo bila malipo kwa majaribio. Swartz akaitumia nafasi iliyopewa mojawapo ya maktaba hizo. Aliandika programu ndogo ya kuyavuta majalada, lakini hakuwa na haja ya kuketi maktabani, na kabla majaribio hayajasitishwa alikuwa amechukua hati zipatazo milioni 2.7 na kuzikabidhi kwa shirika la kuzihifadhi kwa umma. Makachero wa FBI walimchunguza, wakaona hakuna kosa la kumshtaki, wakalifunga jalada Aprili 2009. Baadaye Swartz aliliomba jalada hilo kwa mujibu wa sheria ya haki ya kupata habari, akalitangaza hadharani, na nahisi alifurahia sana kufanya hivyo.

Yamkini funzo alilolipata hapo halikuwa sahihi. Alikuwa amechukua kingi kutoka mahali palipotoa kidogo kidogo, na dola haikumgusa. Mwaka huo huo wa 2008 aliandika tamko la kuwataka wasomi wenye funguo za maktaba za kidijitali wawafungulie wasio nazo. Tamko hilo lilikuja kuwa mzigo kwake, kwani waendesha mashtaka walilichukulia kuwa ushahidi wa nia.

Sasa tuje Cambridge, Massachusetts. JSTOR ni hazina ya makala za majarida ya kitaaluma, na vyuo hulipa ada ili watu wake wazisome. Chuo cha MIT kilikuwa miongoni mwa waliolipa. Aidha, MIT ilijivunia mtandao wake ulio wazi: mgeni yeyote aliyefika chuoni aliweza kuunganisha kompyuta yake kwa siku kadhaa, na akishaunganisha, JSTOR ilimhesabu kuwa mtu wa MIT na kumfungulia. Septemba 2010 Swartz, ambaye wakati huo alikuwa na nafasi ya utafiti katika Chuo Kikuu cha Harvard kilicho karibu, aliingia MIT na kompyuta mpya, akaisajili kama mgeni kwa jina la kubuni, akaiwekea programu ya kupakua makala moja baada ya nyingine bila kupumzika.

Hadi hapa, nionavyo, tunaweza kubishana. Mlango ulikuwa wazi, na karibu ilikuwa imetamkwa kwa wageni wote. Alichokivunja ni masharti ya mwenyeji, yaliyokataza kupakua kwa wingi namna ile. Ukialikwa karamuni ukala sahani kumi, wewe ni mlafi, mwizi hujawa.

Lakini mambo hayakuishia hapo, na wanaomwandika Swartz kama malaika hulipita jambo hili kwa haraka mno. JSTOR iliigundua kasi ile ikaifungia anwani ya kompyuta yake. Akabadilisha anwani. Wakaifungia ya pili. Akatafuta njia nyingine. Hata ikabidi JSTOR iikatie MIT nzima huduma kwa siku kadhaa mwezi Oktoba, na watafiti wasio na hatia wakakosa makala zao. Kisha mwezi Novemba akaenda kwenye kijichumba cha nyaya katika orofa ya chini ya jengo la 16, akaiunganisha kompyuta moja kwa moja na mtandao, akaificha. Mlango wa kijichumba, yasemwa, haukuwa na kufuli iliyofungwa. Mwanzoni mwa Januari 2011 kompyuta iligunduliwa, kamera ikategwa, naye akanaswa katika picha akiuziba uso kwa kofia ya kuendeshea baiskeli. Alikamatwa Januari 6. Makala alizokuwa amezipakua zilikadiriwa kuwa milioni 4.8.

Mtu anayeufunika uso anajua kwamba karibu imekwisha kuondolewa. Hilo silifichi. Alikosea, na kama angelikuwa mwanafunzi wangu ningelimwambia hivyo. Swali linalobaki ni ukubwa wa kosa na jina lake.

JSTOR walipatana naye Juni 2011: aliwarudishia nakala, nao wakatamka kwamba hawana haja ya kuendelea na kesi. MIT ikachagua kutoegemea upande wowote. Serikali kuu, kupitia ofisi ya mwendesha mashtaka Carmen Ortiz, haikupoa. Julai 2011 Swartz alishtakiwa kwa makosa manne ambayo, kwa hesabu iliyotangazwa na ofisi hiyo hiyo, yangeweza kumtia gerezani miaka 35 na kumtoza faini ya dola milioni moja. Septemba 2012 makosa yakaongezwa yakawa 13. Wakati huo huo, faraghani, upande wa mashtaka ulikuwa tayari kupendekeza kifungo cha takriban miezi sita iwapo angeyakiri yote. Akakataa kuitwa mhalifu maisha yake yote.

Kati ya miezi sita na miaka 35 kuna umbali unaotisha, na umbali huo ndio kipimo cha utata wa neno. Sheria ya 1986 ilimkataza mtu kuingia kompyuta bila idhini, au kuvuka mpaka wa idhini aliyopewa, bila kueleza idhini yenyewe ni nini. Je, anayeitoa ni nani: mwenye seva, mwenye mtandao, mwenye makala, au mtunzi aliyeziandika? Inatolewa kwa kufunguliwa kiufundi au kwa masharti yaliyoandikwa katika ukurasa ambao hakuna anayeusoma? Sheria inapokaa kimya juu ya maana, mwenye kuijaza maana ni mwendesha mashtaka. MIT iliunda jopo chini ya Profesa Hal Abelson kulichunguza suala hili, na ripoti yake ya Julai 2013 ilifichua jambo la ajabu: upande wa mashtaka haukuwahi kukiuliza chuo iwapo Swartz alikuwa na idhini ya kuutumia mtandao wake. Neno lililobeba kesi nzima halikuulizwa kwa mwenye kulitamka.

Ripoti ilichelewa. Januari 9, 2013, JSTOR ilitangaza kwamba mtu yeyote duniani angeweza kujisajili na kusoma bure idadi maalumu ya makala kutoka majarida yapatayo 1,200. Siku mbili baadaye, Januari 11, Swartz alijitoa uhai katika makazi yake Brooklyn, mjini New York. Alikuwa na miaka 26, na kesi ilitarajiwa kusikizwa mwezi Aprili. Kwa muda mrefu alikuwa ameandika kwa uwazi juu ya huzuni iliyomwandama, na sitajifanya kujua ni nini hasa kilichomshinda usiku ule. Waliojaribu kuitafutia sababu moja tu wamewadhulumu wote wanaohusika. Mashtaka yalifutwa Januari 14.

Mswada wa kuirekebisha sheria, ulioitwa kwa jina lake, uliwasilishwa katika Kongresi mwaka 2013, ukafia humo. Kilichobadilisha mambo ni kesi ya mtu asiyefanana naye hata kidogo. Nathan Van Buren, sajini wa polisi katika jimbo la Georgia, alikubali hongo ili atafute habari za nambari ya gari katika hifadhi ambayo kazi yake ilimruhusu kuitumia. Je, alivuka mpaka wa idhini? Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji sita dhidi ya watatu, kwamba la. Na hoja ilikuwa ya sarufi! Majaji walibishana kurasa kadhaa juu ya kineno cha Kiingereza chenye herufi mbili tu, kirejeshi kinachokaribiana na vile au hivyo katika Kiswahili: kilirejelea njia ya kuipata habari, au mazingira yote pamoja na nia ya mtu? Walio wengi wakasema kinarejelea njia. Kwa hiyo lango ama limefunguliwa kwako ama limefungwa. Ukiingia kwa lango lililofunguliwa kwa nia mbaya, unaweza kuwa na hatia ya mambo mengine, lakini si ya kuvamia kompyuta. Huwaonyesha wanafunzi wangu kesi hii kila wanaponiuliza uchambuzi wa virejeshi utawafaa nini maishani.

Kwa maoni yangu hukumu hiyo ingeliivunja nusu ya kesi ya Swartz, ile ya wiki za kwanza, na kuiacha nusu ya pili, ya baada ya lango kufungwa. Nusu kesi isingelimpa mtu hofu ya miaka 35.

Nasi je? Sheria yetu ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mitandaoni ilitiwa sahihi na Rais Uhuru Kenyatta Mei 16, 2018. Zogo lililozuka mahakamani mwaka huo lilihusu hasa uhuru wa kusema, na kifungu cha 14 kikapita bila watu wengi kukitazama. Kifungu hicho kinamtia hatiani anayevunja kinga ya usalama kwa nia ya kuingia mtambo wa kompyuta, huku akijua kwamba hana idhini, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni tano au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Waandishi wake wanastahili sifa kwa mambo mawili ambayo Wamarekani waliyakosa: kuvunjwa kwa kinga, na kujua. Tena kimejaribu kufasili: huna idhini ikiwa wewe si mwenye haki ya kudhibiti uingiaji huo, wala hukupata ridhaa ya mwenye haki hiyo.

Sawa. Lakini hebu tukichukue kifungu hicho hadi hapa Kabiria ninakoishi, au Kawangware, au Satellite, tuingie saiba yoyote ya kando ya barabara. Mwalimu anataka hati yake ya mshahara. Mwanafunzi anaomba mkopo wa masomo. Mama anajaza fomu za kodi. Kila mmoja anamtajia kijana wa saiba neno lake la siri, pengine limeandikwa kwenye kipande cha karatasi na kutumwa na mtoto. Kijana anaingia seva ya serikali akijiita mtu ambaye siye. Ana ridhaa ya mwenye akaunti. Ya mwenye seva hana, na masharti ya huduma nyingi za aina hii hukataza kabisa neno la siri kupewa mtu mwingine. Mwenye haki ya kudhibiti ni yupi kati yao? Na iwapo kijana huyo atalikumbuka neno lile wiki ijayo, akaingia tena kuangalia mshahara wa mwalimu ili apate la kuzungumza kijiweni, amevunja kinga gani, ikiwa ufunguo ni wa kweli na lango limefunguka lenyewe?

Mimi ningesema mara ya kwanza hana kosa, na mara ya pili analo, kwa kuwa idhini ya mwalimu ilikuwa ya tendo moja na ilikwisha hati ilipochapishwa. Lakini hilo ni jibu la mtu aliyelelewa katika desturi ya hodi. Mwendesha mashtaka anaweza kulisoma neno vingine, na ana miaka mitatu mkononi. Kifungu cha 19 nacho kinamngoja anayelitoa neno la siri pasipo mamlaka, kwa adhabu iyo hiyo. Walimu wenzangu wa vyuo, ambao humpa mwanafunzi aliyehitimu neno lao la siri ili aendelee kusoma makala baada ya chuo kumfungia maktaba, wakisome kifungu hicho polepole. Aghalabu makala anayoitafuta mwanafunzi huyo imeandikwa na mwenzetu, juu ya lugha yetu, kwa mishahara ya umma wetu, na kuhifadhiwa ng'ambo.

Sheria yenyewe ya 2018 inasomeka bure katika kurasa za Kenya Law, pamoja na hukumu za mahakama zetu, bila neno la siri wala senti 10 ambazo PACER ingali ikiwatoza Wamarekani kwa ukurasa. Ila imeandikwa kwa Kiingereza, na neno lake la msingi, lile la kitendo cha kuifikia kompyuta, nimewapa wanafunzi wangu wa tafsiri walitafutie Kiswahili. Wameleta kuingia, kufikia, kupata na kufungua. Tumeyapima yote kwa kisa cha kijana wa saiba, na kila neno linamhukumu tofauti.